LITA MOJA NI KIASI GANI? Vipimo vya sayansi na afya yako

Vijana wa Malangali, somo hili ni lenu. Ni lenu pia nyie wa Katandala, Chanji na Kizwite. Malangali tunayoisema hapa ni hii yetu ya Sumbawanga, si ile ya Mufindi yenye shule kongwe.

Somo letu leo ni lile ambalo wanafunzi wengi hulikuta mwanzoni mwa kidato cha kwanza: vipimo. Wengi hulikariri kwa ajili ya mtihani, wanaandika "mita, kilogramu, sekunde", wanapata alama zao, basi, wamelisahau. Hivi umewahi kujiuliza kwa nini somo hili linakuja mapema hivyo? Hebu sikiliza mazungumzo haya kwenye duka la dawa. Mteja ni dada wa kidato cha pili aliyetumwa na mama yake.

– Shikamoo.
– Marahaba, mdogo wangu. Nikusaidie nini?
– Naomba dawa ya maji ya homa, ya mdogo wangu.
– Ana kilo ngapi?
– Ana miaka mitatu.
– Sikuuliza miaka, nimeuliza kilo. Kadi ya kliniki iko wapi?
– Nimeiacha nyumbani. Si nimpe kijiko kimoja tu?
– Kijiko kipi?

Hapo dada akanyamaza. Na wewe ungejibu nini? Kuna kijiko cha chai na kuna kijiko cha kulia wali. Cha chai cha kipimo kinachukua mililita 5, na cha chakula kinachukua mililita 15. Vyote vinaitwa kijiko, lakini kimoja ni mara tatu ya mwenzake. Kwenye chai ya maziwa utani huo unavumilika. Kwenye dawa ya mtoto, hapana.

WAZEE WALIPIMA KWA NINI?

Tusiwadharau wazee, walikuwa na vipimo vyao na vilifanya kazi. Walipima urefu kwa mwili. Shibiri ni kutoka ncha ya dole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, mkono ukiwa umetanuliwa. Dhiraa ni kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, kama shibiri mbili hivi. Nafaka ilipimwa kwa kibaba na pishi, na vibaba vinne vilifanya pishi moja. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa na ratili na frasila.

Tatizo ni moja tu: mkono wa nani? Dhiraa ya mtu mrefu si dhiraa ya mtu mfupi. Ukinunua kitambaa unamtafuta muuzaji mwenye mkono mrefu, na ukiuza unampeleka mwenye mkono mfupi! Kipimo kinachobadilika kulingana na mtu hakiwezi kumaliza ugomvi, na hakiwezi kutumika na mganga wa Sumbawanga na mtengeneza dawa wa India wakaelewana.

Kwa hiyo wanasayansi walitafuta kipimo kisicho cha mtu yeyote. Katika miaka ya 1790 Wafaransa walichukua umbali kutoka Ncha ya Kaskazini hadi ikweta, wakaugawa mara 10,000,000, na sehemu moja wakaiita mita. Tarehe 20 Mei 1875 nchi 17 zilitia saini mkataba wa mita mjini Paris. Mwaka 1960 mfumo mzima ukapewa jina linalotumika hadi leo, Mfumo wa Kimataifa wa Vizio, kwa kifupi SI. Vizio vya msingi ni 7:

1. Mita (m) – urefu
2. Kilogramu (kg) – tungamo
3. Sekunde (s) – muda
4. Ampea (A) – mkondo wa umeme
5. Kelvini (K) – jotoridi
6. Moli (mol) – kiasi cha maada
7. Kandela (cd) – ukali wa mwanga

Vizio vingine vyote vya mfumo huu vinajengwa kutokana na hivi saba.

Je, wajua? Kwa miaka 130 kilogramu ya dunia nzima ilikuwa kipande kimoja cha chuma cha platini na iridi, kilichofungiwa karibu na Paris tangu 1889. Nakala zake zilipolinganishwa nacho zilionekana kutofautiana kwa kiasi kidogo sana, karibu mikrogramu 50. Hakuna aliyeweza kusema kwa hakika kama ni nakala zilizoongezeka au ni mzee mwenyewe aliyepungua! Ndiyo maana tangu tarehe 20 Mei 2019 kilogramu haitegemei tena chuma. Inatokana na namba ya kudumu ya kimaumbile. Mita nayo, tangu 1983, inatokana na mwendo wa mwanga, ambao ni mita 299,792,458 kwa sekunde moja.

DEBE LA SOKONI

Turudi nyumbani. Mkulima wa Ufipa anauza mahindi kwa debe na gunia. Debe ni kipimo cha ujazo, yaani nafasi. Kilo ni kipimo cha tungamo, yaani wingi wa kitu chenyewe. Mambo haya mawili tofauti huchanganywa kila siku. Jaza debe mahindi makavu, kisha jaza debe lile lile alizeti. Nafasi ni ile ile, lakini ukipandisha kwenye mizani alizeti ni nyepesi zaidi. Hata mahindi yenyewe, yakiwa mabichi au makavu, debe halisemi ukweli mmoja. Na debe lililotanuliwa kwa nyundo, je? Linabeba zaidi na bei inabaki pale pale.

Ndipo ilipozaliwa lumbesa. Gunia la kawaida ni debe 6, karibu kilo 100. Lumbesa inashonewa kilemba juu na kubeba debe 7 au zaidi, lakini inahesabiwa gunia moja. Anayepunjwa ni mzazi wako, na ada yako ya shule imo humo humo ndani ya kile kilemba. Sheria ya vipimo ya Tanzania hairuhusu lumbesa, na msimamizi wa mizani na vipimo vya biashara ni Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1975, ndilo linalotunza vipimo vya taifa. Ukiona stika ya uhakiki kwenye mizani, ujue kuna mtu aliyeipima mizani hiyo kwa mawe yaliyo sahihi.

LITA MOJA INAYOOKOA MAISHA

Sasa tuingie kwenye afya yenyewe. Mtoto anaharisha. Anapoteza maji na chumvi, na kinachomuua haraka ni kukaukiwa. Dawa yake ya kwanza ni ORS, ule unga wa kwenye pakiti. Pakiti ya kawaida inayofuata fomula ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2002 ina gramu 20.5, na kati ya hizo chumvi ya kawaida ni gramu 2.6 na glukosi gramu 13.5. Imeandikwa ichanganywe na maji safi lita 1.

Lita moja ni kiasi gani? Hapo ndipo wengi hukwama. Wengine huchukua jagi, wengine kopo la maziwa, wengine chupa ya maji waliyoiokota. Tupige hesabu pamoja:

– Ukiweka lita 1, chumvi ni gramu 2.6 kwa lita. Sawasawa.
– Ukiweka nusu lita, chumvi inakuwa gramu 5.2 kwa lita. Imezidi mara mbili! Badala ya kumwongezea mtoto maji, chumvi hiyo inaweza kuyavuta kutoka kwenye chembehai zake. Ni hatari.
– Ukiweka lita 1.5, chumvi inakuwa kama gramu 1.7 kwa lita. Dawa imekuwa nyepesi na haifanyi kazi yake vizuri.

Basi tafuta chupa ya maji iliyoandikwa lita 1, au chupa mbili za mililita 500. Angalia maandishi, maana chupa ya lita 1.5 inafanana sana na ile ya lita 1. Ioshe, iweke alama, iwe chupa ya ORS ya nyumba yenu. Pakiti isigawanywe nusu nusu kwa macho. Tengeneza yote, na ikipita saa 24 mwaga, utengeneze nyingine.

Kama pakiti hakuna na kituo kiko mbali, changanya lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko viwe vya msawazo, siyo vya mlima! Onja kwanza. Ikiwa na chumvi kuliko machozi, imwage. Halafu mpelekeni mtoto kituoni, kwa sababu anahitaji pia vidonge vya zinki: miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa aliye chini ya miezi 6, kwa siku 10 hadi 14.

"ANA KILO NGAPI?"

Sasa tumjibu yule dada. Dawa nyingi za watoto hupimwa kwa miligramu kwa kila kilo ya mtoto. Chukua parasetamo. Dozi moja ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 12:

15 × 12 = miligramu 180

Chupa imeandikwa 120 mg/5 ml. Maana yake kila mililita 5 zina miligramu 120. Kwa hiyo:

180 ÷ 120 × 5 = mililita 7.5

Lakini angalia! Ipo dawa nyingine ya jina hilo hilo iliyoandikwa 250 mg/5 ml. Ukimpa mtoto huyo mililita 7.5 za chupa hii, amekunywa miligramu 375, zaidi ya mara mbili. Parasetamo ikizidi inaharibu ini, na ini haliumi siku ya kwanza. Kwa hiyo jina la dawa peke yake halitoshi, soma na namba. Tumia kikombe kidogo au bomba la sindano lisilo na sindano linalokuja na dawa, na ufuate maelekezo ya mhudumu wa afya. Dozi zisizidi 4 kwa saa 24.

Dawa mseto ya malaria (ALu) nayo inafuata kilo. Mtu akishapimwa damu na malaria ikaonekana, dozi moja ni hivi:

– Kilo 5 hadi chini ya 15: kidonge 1
– Kilo 15 hadi chini ya 25: vidonge 2
– Kilo 25 hadi chini ya 35: vidonge 3
– Kilo 35 na zaidi: vidonge 4

Ni mara mbili kwa siku, kwa siku 3. Dozi ya pili ni saa 8 baada ya ile ya kwanza, zinazofuata ni kila saa 12. Unaona? Humo mna kilogramu na mna muda, na muda nao ni kipimo. Daktari akiandika kutwa mara tatu, wengi hunywa asubuhi, mchana na jioni, halafu usiku mzima mwili hauna dawa. Siku ina saa 24. Gawanya kwa 3, unapata 8. Saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Hesabu ya darasa la pili, lakini vijidudu wanaiogopa.

Na dakika je? Ufipa ni baridi, na nimonia ipo. Mtoto akiwa na kikohozi, hesabu pumzi zake kwa dakika 1 nzima akiwa ametulia. Mwenye miezi 2 hadi 11 akifikisha 50, au mwenye miezi 12 hadi 59 akifikisha 40, mkimbizeni kituoni.

MAJI YANACHEMKA, LAKINI...

Kitabu kinasema maji huchemka nyuzi 100 za selsiasi. Ni kweli, ukiwa Dar es Salaam. Sumbawanga iko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa iliyo juu yetu ni kidogo, kanieneo yake ni pungufu (kama kilopaskali 82, wakati pwani ni 101), na kwa hiyo maji hutokota mapema, karibu nyuzi 94. Sasa umejua kwa nini maharage ya Sumbawanga yanakula kuni nyingi!

Je, nyuzi 94 zinaua vijidudu? Ndiyo. Yaache yatokote vizuri kwa dakika moja hadi tatu, yafunike, yapoe. Hiki si kisingizio cha kunywa maji mabichi.

Joto la mwili ni karibu nyuzi 37. Kwapani likifika 37.5 au zaidi, hiyo ni homa. Kiganja cha mama ni kizuri kwa kugundua kwamba kuna jambo, lakini hakiwezi kusema kama ni 38 au 40. Ukitaka kelvini, jumlisha 273: nyuzi 37 ni kelvini 310. Usistuke ukiona hospitali ina vizio vyake vya zamani pia. Shinikizo la damu hupimwa kwa milimita za zebaki, 120/80 kwa mfano, ingawa kizio cha SI cha kanieneo ni paskali.

KITU AMBACHO MACHO HAYAONI

Tumefika kwenye kipimo kinachotuuma sisi watu wa Rukwa. Mkoa wetu unalima mahindi, maharage, ulezi na ngano, na unalisha mikoa mingine. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya na malaria wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba karibu nusu ya watoto wa Rukwa walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Kitaifa walikuwa kama 30 katika kila 100.

Mtu atasema: "Mbona watoto wetu wanaonekana wazima, wanacheza?" Ndiyo, wanaonekana. Macho hulinganisha mtoto na jirani yake. Kama wote wawili wamedumaa, macho hayaoni kitu. Rula ndiyo inayoona, kwa sababu inamlinganisha mtoto na watoto waliolishwa na kutunzwa vizuri katika nchi mbalimbali. Mtoto wa kiume wa miaka 2 kamili anatarajiwa kuwa na urefu wa kama sentimita 87, na akiwa chini ya 81 amedumaa. Wa kike ni kama 86, na chini ya 79 amedumaa. Tofauti ni sentimita chache tu, urefu wa kidole, lakini nyuma yake kuna ubongo ambao haukupata chakula cha kutosha wakati unajengwa, tangu mimba hadi miaka miwili. Uji wa mahindi matupu unashibisha tumbo. Mtoto anahitaji pia maharage, karanga, dagaa, yai, maziwa, mboga na matunda.

Upo pia utepe wa rangi wa kupima mzunguko wa mkono, kwa watoto wa miezi 6 hadi 59. Kijani ni sentimita 12.5 na zaidi. Njano ni kati ya 11.5 na 12.5, ni onyo. Nyekundu ni chini ya 11.5, ni utapiamlo mkali, apelekwe kituoni siku hiyo hiyo.

HERUFI MOJA TU

Shule ya msingi tuliandika "sm" kwa sentimita. Sekondari andika "cm", kwa sababu alama za SI ni zile zile kwa Mjapani, Mrusi na Mfipa. Andika "5 kg", siyo "5 kgs". Na uangalie herufi kubwa na ndogo: mg ni miligramu, Mg ni megagramu, yaani tani nzima! Mikrogramu 1,000 ndizo zinazofanya miligramu 1, kwa hiyo anayezichanganya anakosea mara elfu.

Hata wakubwa hujikwaa. Tarehe 23 Julai 1983 ndege ya Air Canada iliishiwa mafuta ikiwa angani. Ilihitaji kilogramu 22,300, lakini hesabu ilifanywa kwa ratili, hivyo ilibeba chini ya nusu. Rubani aliielea hadi uwanja wa zamani wa Gimli, na hakuna aliyekufa. Mwaka 1999 chombo cha Marekani kilichotumwa sayari ya Mars kilipotea kwa sababu kikundi kimoja kilitumia vizio vya Kiingereza na kingine nyutoni. Namba zilikuwa sahihi. Vizio ndivyo vilivyokosewa.

JIPIME MWENYEWE

1. Mtoto ana kilo 16, malaria imethibitishwa. ALu vidonge vingapi kwa dozi moja?
2. Parasetamo ya 120 mg/5 ml, mtoto wa kilo 8, miligramu 15 kwa kilo. Mililita ngapi?
3. Una chupa ya mililita 500 na pakiti moja ya ORS. Utajaza chupa mara ngapi?
4. Mwanafunzi ana tungamo la kilogramu 50. Uzito wake ni nyutoni ngapi? (Zidisha kwa 9.8.)

Majibu: 1) Viwili. 2) Mililita 5. 3) Mara mbili. 4) Nyutoni 490.

KAZI YA WIKI HII

Tafuta kadi ya kliniki ya mdogo wako, usome kilo zake za mwisho na tarehe. Kama ana chini ya miaka 5 na hajapimwa siku nyingi, mwambie mama kwa adabu, na ikibidi umbebe wewe umpeleke. Weka alama ya lita 1 kwenye chupa moja ya nyumbani. Chukua vijiko vyote vya jikoni, uvipime kwa bomba lisilo na sindano uone kipi kina mililita 5 kweli. Matokeo yaandike kwenye daftari la fizikia, na usisahau vizio.

Na ukitumwa duka la dawa, ukaulizwa ana kilo ngapi, usijibu miaka.